Hapa Kamba Tu

Jumatatu, 3 Machi
Presha 148 kwa 92. Asubuhi, kabla ya chai.

Daktari anataka niandike kila siku, nikiwa nimekaa na nimetulia. Kutulia! Angejua. Shajara yenyewe nilipewa na wenye duka la rangi, kila ukurasa una picha ya ndoo yao. Basi ndoo na presha, ndiyo maisha yangu sasa.

Saa nne kaja binti wa marehemu mdogo wangu. Sindano — tunamwita hivyo tangu utotoni, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Ana miaka kumi na tisa, anashona sare za shule pamoja na mama yake. Kwapani alikuwa na daftari la baba yake, lile lenye madoa ya mafuta. Anataka nimtengenezee mtumbwi. Mtumbwi wa tanga wenye mrengu, lile gogo la pembeni linalozuia chombo kisipinduke. Kama ule wa baba yake. Hapa hapa uani kwangu, maana kwao hakuna nafasi hata ya kuanika shuka.

Nikamwambia mimi ni fundi wa makabati. Vitanda, milango, basi. Akasema mbao ni mbao, baba mkubwa. Nikasema sawa. Sijui kwa nini. Mdomo ulitangulia.

Alipoondoka mama aliniuliza nilikuwa nazungumza na nani. Mjukuu wako, nikamjibu. Akasema nimwambie na baba yake asisimame juani, aingie ndani.

Uani hakukuwa na mtu. Mama ana miaka themanini na mbili na mambo yanamchanganya. Hilo najua. Hata hivyo nilitazama mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi
155 kwa 96.

Leo tumelifungua daftari mezani. Mdogo wangu alichora vizuri kuliko nilivyodhani. Kila kipande na jina lake, kila tundu na mahali pake. Tukafika ukurasa wa mrengu. Kuna miti miwili inayokatiza juu ya mtumbwi, na mrengu unafungwa kwenye ncha zake. Pale kwenye ncha kaandika kwa herufi kubwa: HAPA KAMBA TU. FUNDI ASIGUSE.

Sindano alicheka mpaka akakaa chini. "Baba alikujua, baba mkubwa!"

Nilicheka nami. Kisha nikasema naenda msalani, nikasimama nyuma ya ukuta nimeshika bomba la maji.

Niandike. Hii shajara haisomwi na mtu, hata daktari anasoma namba tu.

Fundi aligusa. Miaka miwili iliyopita, Jumamosi mchana, mtumbwi wake ulikuwa hapa uani umekamilika. Alikuwa ameufunga mrengu kwa kamba, mizunguko na mafundo, umeshikana lakini unacheza kidogo. Na mimi nilikuwa naona haya. Ndugu wa fundi seremala, eti anafunga chombo chake kama mzigo wa kuni! Watu wangesema nini? Tulibishana juma zima. Yeye akisema kinachopigwa na mawimbi lazima kicheze, mimi nikisema kiungo kinachocheza si kiungo. Basi akaenda kwake kuchukua tanga. Nilikuwa na saa nzima. Nikazikata kamba zake kwa kisu. Nikatia gundi na skrubu kumi na mbili za shaba, ndefu, zile ninazoweka kwenye milango ya wakubwa. Mrengu ukatulia tuli. Halafu — hili ndilo linaloniua — juu yake nikazungushia kamba nyingine, ya urembo tu, ili asijue. Nilitaka akirudi salama nimcheke, nimwambie: Unaona? Kazi ya fundi ndiyo iliyokurudisha.

Aliondoka kesho yake alfajiri. Mtumbwi ulirudi bila mrengu na bila yeye. Yeye walimpata siku ya tatu.

Kwenye ncha za ile miti nilikuta skrubu zangu. Nyingine zimekatika katikati, nyingine zimeng'oka na nyama ya mti. Hazikucheza, kwa hiyo zilivunjika. Waliouleta mtumbwi hawakuziona. Waliona kamba imefumuka inaning'inia, na watu wote wakasema masikini, hakujua kufunga. Mchana ule ule niliukata mtumbwi vipande vipande nikavitia moto. Nilisema sitaki mama auone. Wakanisifu kwa huruma yangu.

Jumapili, 9 Machi
150 kwa 94.

Plaiwudi imefika, tumepiga mistari. Vipimo vya daftari vimenisumbua. Hakutumia futi kamba. Kaandika "mkono wangu mmoja na shubiri mbili", "mkono wangu na nusu". Mkono wake! Sindano akajipima wake, mfupi. Akanitazama.

"Wewe na baba mlikuwa mnabadilishana mashati," akasema.

Basi nimepima kwa mkono wangu. Kiwiko mbaoni, vidole vimenyooka, yeye anapiga alama. Mkono ule ule. Kovu lake tu halipo, la patasi, kwenye kidole gumba. Mara ya nne hivi nilipouweka mbaoni nililitafuta lile kovu.

Jirani wetu, Redio — hakuna habari isiyopita kwake — alichungulia juu ya ukuta. Kaona plaiwudi, kashika kiuno. Akamwambia Sindano ashone tanga tu, mafundo awaachie wenye kujua, yasije yakawa kama ya marehemu. Sindano hakujibu. Si kawaida yake. Kwa kawaida Redio hupewa jibu la kumtosha wiki mbili.

Jumatano, 12 Machi
161 kwa 98.

Mama asubuhi: "Mdogo wako anaulizia kamba zake."

Nilikuwa namkorogea uji. Nikamuuliza kamba gani, mama. Akasema, "Si zile zake. Amesimama pale tangu kumekucha." Halafu akaomba sukari.

Kamba ninazo. Hakuna anayejua. Zile nilizozikata nilizitia kwenye kopo la rangi, kopo nikalisukuma chini ya benchi, nyuma ya mabaki ya mbao. Kuzitupa nilishindwa. Kuzitazama pia nilishindwa.

Penseli yangu leo nimeikuta sikio la kushoto. Mimi naiweka kulia, miaka arobaini sasa. Wa kushoto alikuwa yeye. Labda niliibadilisha mwenyewe nikipiga randa. Labda.

Jumamosi, 15 Machi
158 kwa 97.

Siku nzuri ya kazi, na mbaya kuliko zote.

Mtumbwi wa plaiwudi hauungwi kwa misumari. Unatoboa vitundu ukingoni, unazifunga mbao kwa waya laini mpaka zikunjane zenyewe, ndipo unatia gundi ndani, na waya unatolewa baadaye. Sindano alipoliona hilo alipiga makofi. Hii ni suruali, akasema! Akashika koleo, akashona. Nimekuwa fundi tangu kabla baba yake hajaota ndevu, na leo nimeshikishwa mbao kama kibarua. Mpaka adhuhuri pande mbili zilikuwa zimekutana na kitu kimepata tumbo, kimepata omo, ile pua ya mbele. Nilifurahi. Nakiri. Nilifurahi kabisa, nikapiga mluzi.

Akasema, "Huo mluzi ni wa baba."

Akaendelea kukaza waya bila kunitazama. Kisha akasema hajawahi kumwambia mtu, hata mama yake. Ile siku, hapa uani, baba yake alimwachia afunge fundo la mwisho. La nyuma. Alimfundisha mwezi mzima. Akamaliza kwa kuzungushia uzi mwekundu wa cherehani kwenye ncha, kamba isifumuke. Na mtumbwi uliporudi alikuwepo ufukweni, akaiona kamba inaning'inia.

"La kwangu ndilo lililofunguka," akasema. "Baba alifunga vizuri. Mimi nilikuwa na haraka, nilikuwa nataka kwenda kuchukua tanga. Nimemuua baba yangu, baba mkubwa, na watu wanamcheka yeye."

Nikasema hapana. Nikasema si wewe. Akaniuliza nimejuaje.

Nikasema bahari ina mambo mengi. Hivyo tu! Mtu mzima, mvi kichwani, nikasema bahari ina mambo mengi. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akakata waya mwingine. Anataka mtumbwi huu ili aende mpaka pale alipopotelea baba yake, na arudi. Hana sababu nyingine.

Jumapili, 16 Machi
Namba sitaki.

Nimelitoa kopo. Kamba ngumu, zina vumbi la mbao. Vipande saba. Cha sita kina fundo zima, limekaza, ukilivuta halisogei. Ncha yake ina uzi mwekundu.

Nilikata pembeni ya fundo. Halikufunguka. Lisingefunguka hata leo.

Jumatano, 19 Machi
163 kwa 99. Daktari kaongeza kidonge.

Nimekwenda kwa shemeji, mama yake Sindano, kusema ukweli. Nilipanga maneno njia nzima. Nilimkuta kwenye cherehani, pini mdomoni, akanionyesha kiti kwa nyusi. Tanga limetandazwa sebuleni, turubai la buluu, pindo zimepigwa mara tatu. Akazitoa pini. Akanishukuru. Akasema tangu mtoto aanze kuja kwangu anakula. Alikuwa hali, alikuwa anasogeza sahani tu. Akasema, Mungu akuweke, wewe ndiye baba aliyebaki.

Nikanywa maji, nikasifia pindo, nikarudi nyumbani.

Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilishazaa, wanangu wako mbali na kazi zao. Lakini huyu je? Huyu amekonda kwa sababu yangu.

Jumamosi, 22 Machi
157 kwa 95.

Mtumbwi umekauka. Tumepiga msasa, tumepaka rangi — njano, kaichagua yeye. Mrengu nimeuchonga kutoka gogo jepesi, umechongoka pande mbili. Ile miti miwili ya kukatiza ipo tayari. Kazi safi. Hata Redio kasema safi, na Redio hasifii kitu kisichokuwa chake.

Mama alitoka na fimbo yake kuja kuona. Akaupapasa mtumbwi toka mbele hadi nyuma. Akamshika Sindano mkono.

"Baba yako anadai kamba zake," akamwambia. "Mwambie huyu ampe. Akipewa atatulia."

Sindano alinitazama. Nikamwambia bibi yako amechoka na jua. Nikamrudisha mama ndani, nikamlaza. Nilipogeuka kutoka niliona kitu ambacho nimekiona kila siku bila kukiona: dirisha la mama. Liko sawasawa na benchi langu. Ukikaa kitandani unaona uani kote, unaona hata misumari iliyoko mezani. Na Jumamosi ile alikuwa humu, mguu unamuuma.

Nikamuuliza, mama, uliona? Akaniuliza kama mvua itanyesha.

Alhamisi, 27 Machi
160 kwa 98.

Wanauingiza majini Jumapili. Shemeji kanisani kashatangaza. Watu wanakuja kutazama.

Mlingoti umesimama. Tanga linapanda na kushuka bila kukwama. Kimebaki kitu kimoja, kuufunga mrengu. Sindano anakizunguka. Anapiga msasa mahali palipokwisha pigwa. Kamba mpya iko pale, imekunjwa vizuri, hajaigusa.

Na uani pana mtu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ninavyohisi. Nikiinama kwenye kazi anakuwa nyuma yangu, upande wa kushoto, kama alivyokuwa akisimama kunikosoa. Sigeuki tena. Namwambia nimesikia, nimesikia, nipe nafasi.

Ijumaa, 28 Machi
Mkanda wa presha nimeufunga mara tatu, kila mara namba nyingine. Nimeuacha.

Sindano kaja mchana na pakiti mfukoni. Kaiweka kwenye benchi. Skrubu. Za shaba, ndefu, zile zile! Kasema kamuuliza muuza vifaa ni zipi fundi mkubwa anazotumia, naye akampa bila kufikiri.

"Weka hizi, baba mkubwa. Kamba sitaki. Siamini mikono yangu."

Nikakaa juu ya ndoo. Nikamwambia daftari limesema kamba tu. Akasema daftari limeandikwa na mtu aliyekufa kwa kamba. Nikamweleza, nikijikokota, kwamba kinachopigwa na mawimbi lazima kicheze. Maneno ya mdogo wangu, neno kwa neno, kinywani mwangu. Alinisikiliza yote. Kisha akaniuliza, mimi niliyesema siku zote kiungo kinachocheza si kiungo, nimebadilika lini?

Nikaisogeza ile pakiti pembeni ya benchi.

Akasema, "Kamba ndiyo iliyomuua baba. Kamba yangu. Kama hutaki, keekee naijua, nitatoboa mwenyewe kesho asubuhi."

Nikasema kesho tutaona. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu imefika ukutani. Nikinyamaza, Jumapili nitasimama ufukweni, mtoto wa mdogo wangu anasukumwa majini juu ya skrubu zangu, na watu watapiga makofi. Nikisema, ataniona nilivyo. Shemeji ataniona. Zile sahani anazokula mtoto sasa sijui kama atazila.

Ninaogopa. Niliandike hivyo hivyo, ninaogopa mtoto wa miaka kumi na tisa.

Jumamosi, 29 Machi
Presha sikupima.

Saa mbili asubuhi kaja na keekee ya kuazima. Kamsalimia bibi yake dirishani, kanisalimia mimi, kafunga kitambaa kichwani. Miti miwili iko mahali pake, mrengu umeegeshwa. Kapiga alama kwa penseli. Alama kumi na mbili. Sikumwambia idadi. Kahesabu mwenyewe, na kapata kumi na mbili.

Nikasema ngoja. Nikainama chini ya benchi, nikasogeza mabaki, nikalitoa kopo. Nililiweka juu ya benchi mbele yake. Maneno niliyapanga toka alfajiri, marefu, yenye kuanza na kuisha. Hayakutoka. Nikasema, "Fungua." Halafu nikaingia ndani. Kweli nimekimbia. Nimekimbilia kwa mama kama nilipokuwa na miaka sita, nimekaa ukingoni mwa kitanda chake na shajara hii, maana mikono inataka kitu cha kushika.

Naandika naona. Kweli unaona kila kitu kutoka hapa.

Kifuniko nilikuwa nimekirudisha nikakigongelea, kakibandua kwa patasi. Kachungulia. Katoa kipande cha kwanza, kakinusa. Kakipanga juu ya benchi. Cha pili. Anavipanga kwa mstari kama vitambaa vilivyokatwa kabla ya kushonwa. Cha tatu, cha nne. Anashika ncha, anapitisha kidole pale palipokatwa. Mshonaji huyo. Tofauti ya kukatwa na kufumuka hafundishwi na mtu.

Cha sita.

Ameuona uzi mwekundu. Sasa amelivuta fundo, kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, mguu kauegemeza kwenye benchi. Halisogei. Analivuta tena. Ametoa sauti moja, fupi, sijui ni kilio au ni nini. Sasa amelishika kifuani.

Mama ameketi, ameshika mkono wangu usioandika. Anatazama huko huko ninakotazama. "Haya," amesema, "amepewa zake." Amesema taratibu, kama mtu anayemaliza kazi ya nyumba. Sijui anamwona nani pale.

Sindano ameweka fundo chini. Ameichukua pakiti ya skrubu. Amezimwaga mkononi, anazitazama, kisha anatazama vipande vya kamba, kisha skrubu. Anatazama zile alama zake kumi na mbili. Amekwenda kwenye daftari, lipo kwenye kiti, analifungua. Najua ukurasa gani. Kidole chake kiko kwenye mstari.

Amegeuka. Anatazama dirishani.

Mama amenisukuma bega, nenda. Nakwenda. Acha nimalize mstari huu tu.

Ananiita. Hakuniita baba mkubwa.

"Fundi," anasema. "Fundi, toka nje."